Ubao Umepatikana

Mwaka ule tuliishi watu watatu na mbao mbili katika chumba kimoja. Mbao nazihesabu kwa sababu zilikula nafasi kuliko sisi, na kwa mambo mengine zilitunzwa kuliko sisi.

Nyumba ilikuwa ya Kiswahili, Mchikichini, vyumba sita vinatazamana, ukumbi katikati, uani kisima cha maji chumvi chenye mashine ya umeme. Kutoka mlangoni hadi kwenye meza yangu sokoni, ninapouza viatu vya mitumba vya watoto, ni dakika nne kwa miguu. Mume wangu alikuwa anafanya kazi mbali, ufukweni upande wa Msasani. Nilipomweleza mama yangu kwa simu ile kazi ilivyo, alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa. Na kazi yenyewe ni ipi?"

Simlaumu. Mume wangu alikuwa anafundisha watu kupaa juu ya maji. Mtu anasimama kwenye ubao mfupi, mikononi ameshika bawa la kitambaa lililojazwa upepo kwa pampu. Chini ya ubao kuna mguu mrefu wa chuma, na mwisho wa ule mguu kuna mabawa mawili membamba, makali kama kisu cha bucha. Upepo ukishika bawa la juu, yale ya chini yanaunyanyua ubao, na mtu anapita hewani, maji yako chini yake, kimya kabisa. Uzuri wake siukatai. Mara ya kwanza kumwona mume wangu anafanya hivyo nilisahau kuwa nimembeba mtoto.

Vile vyombo havikuwa vyake. Vilikuwa vya bosi, na bosi si Mzungu kama unavyodhani. Ni kijana wa hapa hapa aliyesoma nje, anaongea Kiswahili kizuri tu, anaswali Ijumaa. Mwanzoni vifaa vililala kwenye kibanda ufukweni. Kibanda kikavunjwa. Bosi akasema kuanzia leo kila mfanyakazi analala na vifaa anavyovitumia, na mume wangu akaja navyo nyumbani juu ya bajaji, vimefungwa kwa kamba za manila. Jirani yangu wa chumba cha mkabala alitoka na upawa mkononi.

"Hee! Shoga, mumeo kaleta mtumbwi?"

"Muulize mwenyewe."

"Vizuri bwana. Mto Msimbazi ukifurika mwaka huu, na sisi mtupakie."

Tulicheka wote, na mume wangu akacheka. Kisha akaingia ndani akatafuta kitu cha kufunikia yale mabawa ya chuma. Alitafuta, akakuta blanketi la mtoto. Akalikunja mara tatu, akaliviringisha kwenye chuma, akafunga kwa soksi za mitumba. Mimi nikamwangalia. Akasema, "Haya mabawa yakipata mkwaruzo hayaruki vizuri. Na pia namlinda mtoto, si unaona yalivyo makali?" Usiku ule mtoto alijifunika khanga yangu. Nikasema basi, ni siku moja.

Alikuwa na tabia ya kunifanya mimi mteja. Kiswahili cha kufundishia alikuwa nacho, lakini aliogopa kujikwaa mbele ya watu wenye pesa zao, kwa hiyo jioni alinikalisha kwenye mkeka anifundishe.

"Kabla hujaingia baharini unafanya nini?"

"Nasema bismillahi."

"Halafu?"

"Nachota mchanga narusha juu, niuone upepo unaenda wapi."

"Upepo ukienda baharini?"

"Siingii. Utanichukua na mimi."

"Ukianguka?"

"Nakufa."

"Acha utani, mama."

"Naanguka mbali na chuma. Kofia kichwani, jaketi la kuelea kifuani."

"Ubao ukikukimbia?"

"Haunikimbii, nimeufunga mguuni kwa kamba."

"Kamba ikikatika?"

"Nalalia bawa langu, nasubiri. Lakini kamba haikatiki, kwa sababu kila asubuhi naikagua."

"Na ubao ni nini?"

"Ubao ni boti yangu. Siuachi hata iweje."

Mtoto alikuwa akikaa katikati yetu anapiga makofi. Nilikuwa nayajua yote yale kwa kichwa kama nilivyojua jedwali la kuzidisha darasa la tatu. Sijui kuogelea mpaka leo.

Sehemu ya pili ya somo ilikuwa utunzaji, na hapo ndipo tulipogombana. Chombo kikitoka baharini kinaogeshwa. Ubao, bawa, kamba, chuma, jaketi, kila kitu, kwa maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi. Kinakaushwa kivulini, si juani. Skrubu zinafunguliwa zinapakwa grisi. Ufukweni hapakuwa na bomba, kwa hiyo vilioga kwetu, uani, na mwoshaji akawa mimi, kwa sababu yeye akirudi saa kumi alikuwa hoi, na mimi soko la viatu likishapoa mchana narudi nyumbani na mtoto.

Sasa sikiliza. Bomba la mtaa wetu lilikuwa linatoka siku linapojisikia. Maji baridi tulikuwa tunaletewa kwa mkokoteni, kwa madumu, na madumu yetu yalikuwa manne kwa siku. Moja la kunywa na kupikia. Matatu ya kuoshea vifaa vya bosi. Sisi wenyewe, na vyombo vyetu, na nguo zetu, na mtoto, tulitumia maji ya kisima. Maji yale ukinawia uso, unakauka kama samaki aliyetandazwa. Sabuni haitoi povu.

Mwanangu akatoka vipele. Vilianza shingoni vikashuka mgongoni, vikaingia kwenye mikunjo ya mapaja. Alikuwa anajikuna mpaka damu. Kliniki nesi akamgeuza, akaniuliza, "Unamwogesha maji gani?" Nikasema ya kisima. Akasema, "Mama, mwogeshe maji baridi, na umpake mafuta. Ngozi ya mtoto haiwezi chumvi kila siku." Nilirudi nyumbani nikamweleza mume wangu nikiamini tumemaliza.

Alikuwa anafungua skrubu. Hakuinua uso. "Sawa," akasema. "Osha vifaa kwanza, yatakayobaki mwogeshe mtoto."

Yatakayobaki. Maneno yale yaliingia mwilini mwangu yakakaa. Sikupiga kelele. Watu wanadhani hasira ni kelele. Yangu ya siku ile ilikuwa imetulia kama mafuta kwenye sufuria kabla hujatia kitunguu. Kesho yake madumu matatu nikayamimina kwenye ndoo za mwanangu, nikamwogesha asubuhi na mchana na jioni. Vifaa vya bosi nikaviburuta mpaka kisimani, nikawasha mashine, nikaviosha kwa maji chumvi. Viling'aa tu. Nani angejua?

"Umeviosha?" aliuliza aliporudi kutoka msikitini.

"Nimeviosha."

"Kwa maji baridi?"

"Kwa maji baridi."

Wiki ya pili vipele vilikauka. Wiki ya tatu ngozi ya mwanangu ilikuwa laini kama ndani ya ganda la ndizi. Niliendelea hivyo karibu miezi mitatu, na sikuona haya hata kidogo. Nilijiambia chuma ni chuma, kamba ni plastiki, vinashinda baharini kutwa nzima, hayo maji ya kisima yatavifanya nini?

Nilichokuwa sijui ni kidogo sana, na kiko hivi. Kamba ya mguuni ina kichuma mwishoni kinachozunguka, ili kamba isijisokote. Kichuma kimefunikwa na mpira. Chumvi ikiingia chini ya ule mpira na isitolewe, inakauka humo, kesho inaloa tena, inakauka tena. Inakula kidogo kidogo. Nje huoni kitu. Ila mimi niliona. Sitadanganya. Siku moja niliona maji ya rangi ya chai yanachuruzika kutoka kwenye ule mpira. Nikayafuta kwa pindo la khanga, nikaanika kamba.

Na yeye, aliyenifundisha kukagua kila asubuhi, hakukagua. Mke ameosha, ataangalia nini?

Ilikuwa miezi ya baridi, ile ambayo asubuhi umande, ule upepo wa alfajiri, unavuma kutoka bara kwenda baharini hadi jua lipande. Aliondoka alfajiri. Mimi saa mbili na nusu nilikuwa mezani kwangu, mtoto mgongoni, mteja amekaa kwenye kiti cha plastiki anamjaribisha binti yake raba za pinki. Simu ikaita. Alikuwa mwenzake wa kazini, mwalimu wa pili, kijana mpole anayeniita shemeji tangu siku ya kwanza.

"Shemeji, mambo."

"Poa. Vipi?"

"Uko na mtu hapo?"

"Niko na mteja. Sema."

"Usiogope, shem. Ubao umepatikana."

Aliona ananipa habari njema. Pale kwao chombo kikipatikana, watu wanapumua. Lakini mimi nilikuwa nimefundishwa kwenye mkeka.

"Kama ubao uko kwenu," nikasema, "yeye yuko juu ya nini?"

Nikasikia upepo kwenye simu.

"Ana bawa, shem. Atakuwa na bawa."

"Mmemwona nalo?"

"Mara ya mwisho, ndiyo."

"Lini?"

"Saa moja na robo hivi."

Mteja wangu alikuwa ameshika raba moja. "Dada, na mguu wa pili uko wapi?" Mama anayeuza mikoba meza ya pili aliniangalia usoni tu, akasimama. "Nenda," akasema. "Nenda, nitakuangalizia. Mshike mtoto vizuri."

Nilipanda bodaboda pale barabarani. Dereva alikuwa mtu wa maneno, akaanza, "Sista, Msasani ya wapi, ya matajiri au ya kwetu?" Nikamwambia mume wangu amepotea baharini. Hakusema neno jingine mpaka makutano ya Morocco, na alipita katikati ya magari kwa namna ambayo siku nyingine ningemtukana. Mtoto alilala. Mimi nilikuwa nahesabu: saa moja na robo, sasa ni saa tatu, mtu bila ubao, kwenye bahari yenye baridi, upepo unaenda baharini. Halafu nikaanza kuhesabu upya, kana kwamba nitapata jibu jingine.

Ufukweni walikuwa wamesimama watu kama kumi. Bosi alikuwa amechuchumaa karibu na ubao. Ulikuwa umelazwa juu ya taulo. Taulo! Alikuwa anaufuta mchanga kwa kiganja chake, taratibu, kama mtu anayempapasa mgonjwa. Aliponiona akasimama.

"Dada, pole. Tunalishughulikia."

"Ilikuwaje?"

Aliyejibu ni yule mwalimu wa pili aliyenipigia simu. Mteja alitaka picha za asubuhi, maji yakiwa yametulia. Bosi akamwambia mume wangu apite mara mbili tatu mbele ya kamera, dakika kumi tu. Akapita. Akaanguka mara moja mbali kidogo, wakaona ubao unakwenda upande wake na yeye na bawa upande wao. Wakadhani ataufuata kwa kuogelea. Upepo ulikuwa unalisukuma bawa na yeye akiwa amelishika, na kila dakika alikuwa mdogo zaidi. Boti ya wageni iendayo kisiwani ndiyo iliyoukuta ubao ukielea karibu na mwamba, ikauleta. Nahodha alikuwa amerudi kuwashusha wageni wake na kutafuta mafuta.

Nilichota mchanga nikaurusha. Wote waliniangalia kama nimerukwa na akili. Ule mchanga ulikwenda baharini, mwingi, bila kusita.

"Na mlimwingiza?" nikasema.

Bosi akasema, "Yeye ni mzoefu."

"Nimekuuliza, na upepo huu mlimwingiza?"

Akamgeukia yule mwalimu wa pili. "Jiandae. Chukua lile bawa kubwa, ufuate upepo, utamfikia kabla ya boti."

Kumbe ndiyo mpango wenyewe. Ni kweli, mtu anayepaa anafika haraka kuliko boti ambayo haina mafuta. Yule kijana alikuwa tayari amevaa kofia na jaketi. Pale mchangani, kando ya begi la mume wangu, ulikuwepo ubao wa pili, ule wa chumbani kwetu, umeshapachikwa chuma chake; wa yule kijana ulikuwa kwa fundi. Alikaa kando yake, akaanza kufunga kamba mguuni. Niliitambua ile kamba. Ilikuwa na uzi mwekundu niliouzungushia mwenyewe ili nisizichanganye. Nilikuwa nimeiosha juzi.

Sitasahau jinsi ulimi wangu ulivyokuwa mzito. Acha nikueleze nilichofikiri, kwa sababu sikuwa mtu mzuri wakati ule. Nilifikiri: nyamaza. Huenda hii ikahimili. Huyu kijana ndiye mtu pekee ulimwenguni aliye tayari kwenda kumtafuta mume wangu sasa hivi. Ukisema, hataenda. Na ukisema, kazi ya mumeo imekwisha hata akirudi mzima, na yeye atajua. Nyamaza. Kamba ni plastiki. Nyamaza.

Akasimama, akaunyanyua ubao kwa mkanda wa kubebea, akaanza kushuka majini. Maji yalimfika magotini. Mtoto mgongoni mwangu akaamka akaanza kulia.

"Usiingie!"

Akageuka. "Shem?"

"Usiingie. Hiyo kamba mbovu."

Bosi akasema, "Dada, tafadhali, usituchanganye."

"Nakuambia ni mbovu. Zote mbovu. Nimeziosha kwa maji chumvi."

"Maji chumvi gani?"

"Ya kisima! Miezi mitatu. Ivute. Vuta pale kwenye mpira, vuta kwa nguvu!"

Yule kijana alitoka majini, akavua kamba. Akashika ncha moja mkono huu na nyingine mkono huu, akavuta. Ikashika. Bosi akaniangalia. Nikajiambia nimemzuia bure, nimemuua mume wangu kwa mdomo wangu. "Tena," nikasema. Akaikanyaga kwa mguu, akaivuta kwa mikono miwili, akaipindua kidogo. Kile kichuma kikatoka ndani ya mpira vipande viwili. Vilianguka mchangani, vya rangi ya chai.

Kijana yule aliangalia vile vipande, akaniangalia, akakaa chini. Hakuniita shemeji.

Bosi alikuwa na maneno, na aliyamwaga yote. Kwamba hivi vifaa vimetoka nje, kwamba kila mfanyakazi aliambiwa, kwamba hii si ajali bali ni uzembe, kwamba mume wangu ameweka maisha ya wateja hatarini, kwamba atamweleza kila atakayeuliza kuwa chanzo ni nyumbani kwetu. Nilimwacha. Mengi yalikuwa kweli. Lakini alipofika kwenye "chanzo", kitu kikanipanda.

"Kamba niliiosha mimi," nikasema. "Na huu umande nao niliuosha mimi? Nani alisema dakika kumi? Na boti yenu ya kuokolea watu iko wapi, ninyi mnaofundisha watu baharini? Ubao umeuwekea taulo. Mume wangu umemwekea nini?"

Yule mteja wa picha akaangalia pembeni. Mtu mmoja nyuma alisema, polepole, "Mama ana hoja." Haikunisaidia kitu. Hoja haielei.

Hapo ndipo kusubiri kulipoanza. Nahodha wa boti ya kisiwani alikuwa amemtuma mtu na dumu kituo cha mafuta, na mtu huyo hakuwa anarudi. Dakika ishirini. Thelathini. Ningekuwa nimenyamaza, yule kijana angekuwa amefika, au angekuwa na yeye amepotea. Yote mawili nilikuwa nayaona kwa pamoja, kila nikifumba macho. Mtoto alikataa titi. Nilitembea kutoka kwenye jiwe hadi kwenye jiwe. Nilimwahidi Mungu vitu ambavyo sina. Nilimtukana mume wangu kwa sauti, jina la ukoo wake mzima, mbele za watu: mjinga wewe, unafundisha watu na wewe mwenyewe hukagui, unaambiwa ingia unaingia, huna mdomo? Una mdomo wa kwangu tu?

Mafuta yalipofika, nahodha alinikuta mbele ya boti yake. Mzee wa makamo, shati limefunguka vifungo vyote.

"Shikamoo," nikasema. "Naenda na wewe."

"Marahaba. Huendi. Una mtoto."

"Baba, nakuomba."

"Sikia, mwanangu. Mtu aliyeshika kile kitambaa chake hatafutwi ulikookotwa ubao. Maji yanauchukua ubao, upepo unamchukua yeye. Mimi naenda kule nje, nyuma ya kisiwa. Nikiwa nakutazama wewe na mtoto, sitatazama bahari." Akawasha injini. Yule kijana wa kazini akaruka ndani bila kuambiwa.

Walikaa karibu saa mbili. Sina cha kusimulia kuhusu hizo saa mbili. Wauza mihogo walifungua biashara yao, wakakaanga, watu wakala. Mama mmoja alinipa maji ya kunywa, na nilipoyaonja, baridi, bila chumvi, nikayatema.

Waliporudi nilimtafuta kwa macho ndani ya boti sikumwona. Alikuwa amelala chini, miguuni mwa nahodha. Midomo imepasuka, macho mekundu, vidole vimejikunja havikunjuki kwa sababu alikuwa amekamata kishikio cha bawa tangu asubuhi. Walikuwa wamelitoa upepo wakalikunja, naye alikuwa amelilalia. Walimbeba mpaka mchangani. Nilipiga magoti mbele yake. Aliniangalia, akanitambua, na neno la kwanza alilosema, kwa sauti kama ya karatasi, lilikuwa:

"Bawa halijachanika?"

Nilimpiga kofi. Mbele ya bosi, mbele ya nahodha, mbele ya wauza mihogo. Kofi la nguvu, kisha nikamkumbatia shingo nikashindwa kumwachia. Nahodha alisema, "Huyo amepona sasa," na watu wakacheka, ule mcheko wa watu walioogopa.

Bosi aliniachia mimi nimwambie. Nafikiri aliona aibu kidogo, au alitaka nijimalize mwenyewe. Mume wangu alikuwa amekaa, amefunikwa khanga yangu, anakunywa chai ya mtu. Nikamwambia pale pale, kwa sababu nilijua nikifika nyumbani sitaweza.

"Kamba ilikatika kwa sababu yangu. Sikuwa naosha kwa maji baridi."

Akaendelea kuangalia kikombe. "Ulisema unaosha."

"Nilikudanganya. Maji nilimwogeshea mtoto."

"Yote?"

"Yote."

"Ungeniambia," akasema.

"Ningekuambia ungesema nini?"

Tulijua wote wawili angesema nini, maana alikuwa ameshasema. Sijawahi kuona mtu akichoka kama alivyochoka dakika ile; baharini hakuchoka hivyo.

Bosi akaja akasema apumzike, asije mpaka atakapoitwa. Vifaa vibaki pale pale. Mpaka leo hajaita, na mume wangu hajawahi kuniuliza kama nasikitika. Nasikitika. Na nikirudishwa kwenye kile chumba, na mtoto yule yule anayejikuna mpaka damu, na madumu yale yale manne, sijui ningefanya nini tofauti, isipokuwa kusema kwa sauti. Hilo ndilo linalonichoma. Tungegombana tu, nyumba nzima isikie, jirani aje na upawa wake kuamua, na leo pasingekuwa na hadithi.

Yule mwenzake wa kazini alitukodia bajaji. Tulipofika Barabara ya Msimbazi foleni ikasimama kabisa, magari hayasogei, jua la saa nane kichwani. Mume wangu akateremka, akaanza kutembea kuelekea nyumbani, khanga yangu mabegani, bukta ya kuogelea, miguu peku. Nikashuka na mtoto nikamfuata. Wamachinga wa viatu walimwona kutoka mbali.

"Braza! Peku mjini? Njoo nikuvishe!"

"Huyo kaibiwa huyo. Broo, wamekuachia khanga tu?"

"Namba ngapi, kaka? Arobaini na mbili? Ipo hapa, haijavaliwa!"

Akasimama. Akajipapasa mapaja kama mtu anayetafuta pesa. "Sina hata mfuko, ndugu yangu," akawaambia, na wale vijana wakacheka, na nikaona bega lake linatikisika, sikujua kama anacheka au vipi. Alibaki amesimama hivyo katikati ya watu, wanampita huku na huku. Sikujua kama ananisubiri mimi au anamsubiri mtoto. Nilipomfikia nilimfungua mtoto mgongoni nikampa. Akampokea kwa vile vidole vyake vilivyokataa kunyooka, akaendelea kutembea, na mimi nyuma yao, macho chini, naangalia asije akakanyaga chupa.